Mtu Mmoja, Majina Matano

Maneno haya niliyasema mbele ya jamaa za Wamisheni, yaani uzao wa mateka walioachiwa huru wakakabidhiwa misheni, tulipokutana Kisauni, Mombasa. Nimeyanyoosha kidogo yasomeke, lakini sikuyavua mazungumzo.

Wazee wangu, akina mama, ndugu zangu, na nyinyi vijana mlioketi karibu na mlango ili mpate kutoroka nikirefusha: shikamooni kwa wanaostahili shikamoo, na wengine hamjambo.

Nimeombwa nieleze namna ya kumtafuta babu katika karatasi. Nitaanza na kosa langu, maana ndilo lililonifunza. Kwa miaka miwili nilimtafuta babu wa babu yangu kwa ubini. Niliamini kwamba lile jina lililo mwisho wa kitambulisho changu ni uzi, na nikiuvuta polepole bila kuukata utanifikisha kwake. Basi kila daftari la ubatizo nililofunguliwa, kidole changu kilikwenda kwenye safu ya ubini na kushuka nayo. Sikupata kitu. Nikafika hadi kuwaandikia watu wa Uingereza wenye jina kama langu, nikiwauliza kama wana habari za jamaa yao aliyekuwa Mombasa karne ya 19. Mmoja alinijibu kwa adabu nyingi kwamba, kwa kadiri anavyojua, katika ukoo wao hakuna aliyewahi kufika Afrika, na akanitakia kheri.

Mnacheka. Mke wangu naye alicheka. Lakini yule bwana alikuwa amenipa jibu sahihi kuliko swali langu. Uzi niliokuwa nikiuvuta ulikuwa wa kwao. Babu alivikwa tu.

Mnajua ilivyokuwa. Watoto waliotolewa majahazini na manowari za Waingereza walikabidhiwa misheni, misheni ikawabatiza, na katika kubatiza wakapewa majina. Mara nyingi aliyetoa sadaka ya kumlisha na kumsomesha mtoto, akiwa huko kwao Uingereza, ndiye aliyepewa heshima ya kuchagua jina. Mara nyingine jina lilikuwa la mmisionari, au la mtu mashuhuri. Kwa hiyo ubini wa watu wetu haukwambii babu alikuwa nani. Unakwambia ni nani aliyeshika kalamu siku ile. Hilo ndilo neno langu la leo, na yaliyobaki ni kulifafanua.

Nichukue mtu ambaye habari zake ziko wazi, ili nisimwanike babu wa mtu hapa bila ruhusa. Jacob Wainwright. Alikuwa Myao, akakamatwa utotoni, akaokolewa na manowari ya Waingereza na kupelekwa Bara Hindi, katika kijiji cha Kikristo cha Sharanpur karibu na Nasik, ambako Church Missionary Society, misheni ya Waingereza iitwayo kwa kifupi CMS, iliwalea na kuwasomesha Waafrika waliotolewa utumwani. Ndiko walikotoka tunaowaita Waafrika wa Bombay. Mwaka 1872 alikuwa miongoni mwa vijana sita wa Nasik waliotumwa kutoka Unguja kwenda kumfuata Livingstone Unyanyembe, karibu na Tabora. Livingstone alipofariki kwa Chitambo mwaka 1873, katika nchi iitwayo Zambia leo, Jacob ndiye aliyesoma sala moyo wake ulipozikwa chini ya mti. Wenzake wakaubeba mwili zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Jacob akapanda nao meli, na tarehe 18 Aprili mwaka huo alikuwa mmoja wa waliosindikiza jeneza kuingia Westminster Abbey. Akarudi pwani, akafanya kazi za misheni hapa na pale, na akafariki Urambo mwaka 1892. Daftari aliloliandika kwa mkono wake liko hai, limehifadhiwa Blantyre huko Uskoti, katika jumba la makumbusho la mahali alipozaliwa Livingstone, na tangu 2019 linasomeka kwenye intaneti.

Sasa mtazameni huyu kwa jicho la mtafuta nasaba. Ni Mwafrika wa karne ya 19 ambaye ameandikwa kuliko karibu wote wa rika lake. Tuna picha zake, mwandiko wake, tarehe za safari zake. Halafu chukua huo ubini, Wainwright, ukautafute. Utakupeleka kwa mafundi wa magari ya farasi wa Uingereza, maana ndiyo maana ya neno lenyewe katika Kiingereza cha zamani. Uyaoni hutafika.

Tena tazameni wale vijana sita wakiwa pamoja: Jacob Wainwright, John Wainwright, Matthew Wellington, Carus Farrar, Richard Rutton na Benjamin Rutton. Mtu anayetazama majina tu atasema Wainwright wawili ni ndugu, na Rutton wawili ni ndugu. Labda. Kwa watu waliotoka misheni, jina moja si ushahidi wa damu moja, kama vile kanzu mbili za kitambaa kimoja si ushahidi wa mama mmoja. Huyo Farrar naye, jina lake lilikuwa la mmisionari wa CMS aliyefanya kazi Nasik miaka mingi kabla. Na Wellington, sina haja ya kuwaeleza Waingereza walimwita jemadari wao yupi kwa jina hilo. Matthew Wellington aliishi hadi 1935, hapa Mombasa, na jina lake la utotoni tunalijua kwa sababu aliulizwa angali hai: Chengwimbe. Mwenye sikio la Kiyao ataanza kulikata hilo jina palepale, maana Wayao humtangulizia mtu "Che" kwa heshima, kama tunavyosikia Che Mataka, mtawala wa Wayao. Huenda basi karani aliandika heshima na jina kwa pamoja, kama mtu angekuandika wewe "Bwanajuma".

Nataka mkumbuke hilo la sikio, kwa sababu lina mfano mzuri kupita wote ninaoujua. Ule mti wa Chitambo, Jacob aliuchonga maandishi. Kipande chake kilikatwa baadaye, kikapelekwa London, na kiko katika Shirika la Kifalme la Jiografia. Chini ya jina la Livingstone pana tarehe, 4 Mei 1873, halafu majina matatu ya viongozi wa msafara: Yazuza, Mniasere, Vchopere. Hao ni watu waliofahamika. Mniasere ndiye ambaye Stanley katika maandishi yake anamwita Manwa Sera. Vchopere ndiye anayeandikwa kwingine Chowpereh. Mimi nikilisoma hilo la Mniasere kwa sauti nasikia "Mwinyi Sere", lakini hayo ni masikio yangu ya Mvita. Jambo ninalowaonyesha ni kwamba aliyechonga alikuwa Mwafrika, aliwafahamu watu hao, alikula nao na kutembea nao, na bado alichokiandika hakifanani na alichokiandika mwingine. Basi karani wa ubalozi wa Waingereza, aliyewaandika walioachiwa huru akiwa na watoto mia mbele yake, jua kali, hajui Kiyao wala Kigindo, tutarajie nini kwake?

Na tarehe pia. Vitabu vingi vinasema Livingstone alifariki tarehe 1 Mei. Mti unasema 4. Ikiwa kifo cha mtu mkubwa namna ile kina tarehe mbili, usikonde ukikuta babu yako amezaliwa mara tatu.

Nirudi kwetu. Nilipoacha kuuvuta ule ubini, nilianza kuhesabu. Mtu mmoja wa kizazi kile aliweza kuwa na majina matano. La kwanza ni alilopewa na mama yake huko bara. La pili ni la aliyemnunua, na haya mnayajua kwa mlio wake: Mabruki, Feruzi, Almasi, Baraka, Songoro, na kwa wanawake Zafarani, Tausi, Faida. La tatu ni lile karani alilosikia siku alipoandikwa kuwa huru, ambalo laweza kuwa la kwanza au la pili lililopondwa. La nne ni la ubatizo. La tano ni lile watoto wake waliloandikiwa shuleni, na mara nyingi ndilo tunalolibeba sisi, vitukuu na vilembwe, tukidhani ni la tangu Adamu. Kwa ndugu zetu Waislamu lipo jambo jingine: "bin" hubadilika kila kizazi. Salim bin Juma ni mwana wa Juma, na mwana wa huyo Salim ataitwa bin Salim. Siku shule au serikali ilipotaka jina la tatu, la babu likakwama pale pale na kuitwa la ukoo. Hivyo nusu ya ubini tulio nao ni jina la kwanza la mzee fulani aliyekuwa hai siku karani alipokuja. Mwulizeni nyanya kabla hamjaenda makavazi.

Basi tutafute kwa kitu gani, ikiwa si kwa ubini? Kwa siku na kwa jirani.

Siku ndiyo ya kwanza. Freretown hii ina mwanzo unaojulikana. Mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini Sultani Barghash wa Unguja aliutia saini tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa la Mkunazini, kule Unguja, likafungwa. Price, mmisionari wa CMS aliyekuwa Nasik kabla, akaja Mombasa mwishoni mwa 1874, na kijiji kikasimama hapa Kisauni kikapewa jina la Bartle Frere, mjumbe wa Waingereza katika habari za mkataba ule. Mateka wakaanza kuletwa. Kila kundi lililoshushwa lilikuwa na meli, na kila meli ya kivita ilikuwa na daftari lake la safari. Kwa hiyo ukimsikia mzee wenu akisema "babu alishushwa mwaka ule wa njaa" au "alikuja pamoja na baba yake fulani", ameshakupa zaidi ya ubini. Amekupa kundi. Kundi lina tarehe, na tarehe ina meli. Barua za mabalozi kuhusu watumwa zimewekwa London, eneo la Kew, pamoja na madaftari ya meli. Barua na taarifa za CMS ziko Chuo Kikuu cha Birmingham. Unguja wana makavazi yao pale Kilimani. Walioletwa Mbweni, Unguja, na wale wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu vya Uingereza, karatasi zao nyingi ziko Oxford. Wa Bagamoyo, ambako mapadri wa Roho Mtakatifu walianza 1868, watafutwe kwenye makavazi ya shirika lao, Chevilly-Larue nje ya Paris. Naona mnahesabu nauli. Msihesabu. Anzeni na daftari la parokia, ambalo liko mwendo wa bodaboda.

Nalo daftari la parokia lina adabu zake. Usiingie ofisini kwa kasisi ukidai. Nenda na mzee, eleza unamtafuta nani, omba kutazama hapo hapo, na usipige picha mpaka uambiwe. Katika parokia moja niliyofika, mchwa walikuwa wamekula pembe ya chini ya kila ukurasa wa miaka minne. Miaka minne! Nilitamani kulia, lakini mzee aliyenisindikiza alisema, "Mwanangu, mchwa nao wanasoma." Tukaendelea na zilizobaki.

Ukishafungua, usisome safu ya mtoto tu. Soma mashahidi. Soma wasimamizi wa ubatizo. Hapa ndipo penye mali. Watu waliotengwa na jamaa zao walitengeneza jamaa nyingine kwa waliosafiri nao, na hao ndio waliowasimamia watoto wao, kuwashuhudia arusini na kuwazika. Mimi babu yangu nilimkuta kwa njia hiyo. Ubini wake haukuwemo popote, lakini wasimamizi wawili wa mtoto wake wa kwanza walikuwa wakijirudia katika ubatizo wa nyumba nyingine tatu. Nilipowafuata hao, nikarudi nyuma hadi kwenye orodha moja ya watoto walioshushwa siku moja. Alikuwemo. Jina lake hapo lilikuwa ni lile la tatu, lililopondwa, herufi saba ambazo mpaka leo sijui nizitamke vipi. Kando yake pameandikwa: mvulana, miaka tisa kwa kukisia, Mnyasa.

Hilo neno, Mnyasa, linataka tusimame kidogo. Pwani hii na Unguja, kwa muda mrefu, yeyote aliyetoka upande wa Ziwa Nyasa aliitwa Mnyasa, awe Myao, Mmang'anja, Mngoni au mwingine. Ni kama leo mtu wa Nairobi anavyomwita kila aliyetoka huku "mtu wa Pwani". Si uongo, lakini haitoshi kuposea. Kwa hiyo safu ya kabila msiipuuze wala msiiamini. Ndugu mmoja aliiamini, akaenda kutafuta kijiji cha Wanyasa, na mpaka leo sijui kama amerudi.

Mimi niliyepewa Mnyasa nilisaidiwa na kitu ambacho hakikuwamo kwenye karatasi yoyote. Nyanya yangu mzaa baba, alipotukasirikia sisi watoto, alikuwa hasemi "wewe mtoto". Alisema, "Mwanache!" Tulidhani ni lakabu aliyoibuni mwenyewe. Tulimtania nayo mpaka akafariki. Miaka mingi baadaye nilikuwa kwenye basi na mama mmoja kutoka Tunduru, mtoto wake akalia, naye akamwambia mwenzake neno lile. Nikamgeukia kama mwehu. Akanieleza kwamba ni Kiyao, maana yake mtoto, tu. Nyanya hakujua Kiyao. Alijua neno moja, na hakujua kwamba analijua.

Wanawake, kwa njia, wanapotea kwenye karatasi haraka kuliko wanaume, na mtafutaji asipokuwa mwangalifu atajenga ukoo wa wanaume watupu. Kwenye daftari moja utawakuta akina Grace na Mary kumi, bila ubini, bila mwaka. Lakini mama hutajwa mtoto anapobatizwa, na hutajwa tena anapokuwa shahidi. Mfuateni kwa watoto wake.

Wale wa Rabai mna njia yenu. Si wote Rabai walioshushwa melini. Wengi walikuwa watoro, waliotoroka mashamba ya pwani na kukimbilia misheni. Mabwana zao wakawadai. Januari 1889 Mackenzie wa kampuni ya Imperial British East Africa akawalipa mabwana fidia, na watoro zaidi ya 1,400 wa Rabai na misheni nyingine wakapewa hati za uhuru. Hati! Karatasi yenye jina la mtu, aliyopewa mkononi. Nani katika ukumbi huu ana sanduku la bati la marehemu ambalo hakuna aliyelifungua tangu mazishi? Nauliza tu. Na wale wenye jamaa waliokuwa kwenye msafara wa Livingstone wajue kwamba mwaka 1874 lile shirika la jiografia lilitengeneza nishani 60 za fedha kwa ajili yao, na jina la mpewaji likachorwa ukingoni. Zilipoletwa Unguja wengi walikuwa wameshatawanyika. Ukiikuta nishani ya namna hiyo usimpelekee sonara kwanza. Isome ukingo.

Vijana wataniuliza kuhusu vipimo vya DNA, naona mmoja ameshainua mkono. Pimeni. Vitawapa binamu msiowajua, na pengine eneo la bara. Jina havitawapa.

Sasa neno gumu, na nitalisema kwa sababu tuko wenyewe kwa wenyewe. Wazee wetu wengi hawakutaka kusema. Tumekulia kwenye pwani inayosema "mkosa kwao mtumwa", na aliyeambiwa hivyo sokoni hakurudi nyumbani kuwahadithia watoto kwamba ni kweli. Alifunga mlango. Wengine wakajipachika asili ya heshima zaidi, na sina la kuwalaumu, maana walitaka kuozesha binti zao. James Mbotela, mwana wa Freretown, alipotoa kitabu chake cha Kiswahili mwaka 1934 akaeleza waziwazi jinsi watu wa hapa walivyokamatwa na kuletwa, alifanya jambo la ujasiri, hata kama mimi nasoma sifa zake kwa Waingereza huku nimekunja uso. Kwa hiyo ukimwendea mzee naye akanyamaza, usimbane. Mwulize habari nyingine. Mwulize nani alikuwa anaishi nyumba ya pili. Mwulize kengele ile ya Kengeleni ilipigwa lini na kwa nini, na nani alikuwa anaipiga. Mara nyingi mtu asiyetaka kumsema babu yake atamsema jirani wa babu kwa saa nzima, na jirani, kama nilivyosema, ndiye mlango.

Nimeambiwa muda wangu umekwisha, na wapishi wananitazama vibaya.

Kabla hatujaanza, mama mmoja aliyeketi safu ya pili alinifunulia Biblia ya Kiswahili ya mama mkwe wake. Kwenye ukurasa mweupe wa mbele kuna majina tisa, tarehe saba, na mwandiko wa watu watatu tofauti. Jina la juu kabisa limekatwa kwa wino na jingine likaandikwa juu yake. Amekubali tulitazame pamoja, kwa kioo cha kukuzia, kwenye ile meza ya dirishani ambako kuna mwanga. Wenye macho makali waje. Wenye Kiyao, Kigindo au Kimakua waje mbele zaidi.